Ukitaka Kumiliki Mashua, Soma Hapa Kwanza

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Najua kuna mtu hapa tayari anataka kufungua ukurasa mwingine akisema, ya nini habari za mashua kwa mkaaji wa Membley, ambaye chombo chake ni matatu ya Ruiru na bahari yake ni matope ya mwezi wa Aprili? Ndugu, ngoja kidogo.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu kilitokea darasani. Mwalimu alituuliza maana ya methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Darasa zima tukajibu kwa sauti moja kama kasuku: mtu azunguke atakavyo, mwishowe atarudi kwao. Vyema. Mwalimu akauliza tena, "Sasa tezi ni nini? Na omo? Na ngama?" Kimya. Halafu mmoja kule nyuma akasema Omo ni sabuni. Tulicheka mpaka darasa jirani wakagonga ukuta. Mimi nilicheka pia, lakini jibu nilikuwa nalo, na nilikuwa nalo kwa sababu chungu. Familia yetu ina mashua kule Lamu, na hiyo ngama ya mashua ndiyo nusura inywe karo yangu.

Wala tusijione kwamba tuko mbali sana na maji. Mto Ruiru humwaga maji yake katika Mto Athi, na Athi ukishapita pale Fourteen Falls karibu na Thika, ambako vijana huvusha wageni kwa vimashua, huendelea hadi uitwe Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Mto Thika nao huingia Tana. Sasa sikiliza ajabu ya Tana. Katika karne ya 19, wakati wa watawala wa Witu, watu walichimba mfereji uitwao Belezoni ili kuunganisha Tana na mto mdogo wa jirani, Ozi, vyombo vipate kupita kutoka mto mmoja hadi mwingine. Tana nao ukaona njia hiyo ni nzuri, ukaifuata! Mpaka leo sehemu kubwa ya maji ya Tana huingia baharini kwa mlango wa Ozi pale Kipini. Ukitoka Kipini, fuata pwani kuelekea mashariki, utafika Lamu. Kwa hivyo maji yanayopita chini ya daraja la Thika yanaweza kufika kwa mjomba wangu kabla yangu mimi, tena bila nauli.

Basi turudi kwenye mashua. Mama yangu ni mzaliwa wa Lamu na baba ni mtu wa Murang'a. Mwaka 2019 baba alipata pesa kidogo baada ya kuacha kazi. Watu wa mtaa walimshauri anunue matatu. Yeye akapiga hesabu yake pale sebuleni: matatu inataka tairi, inataka mafuta, inataka bima, inataka makanga. Mashua inataka upepo, na upepo ni wa Mungu. Akanunua mashua. Mama hakusema kitu. Mtu aliyezaliwa Lamu asiposema kitu kuhusu mashua, wewe jua kuna neno.

Mashua ni chombo cha mbao chenye mkuku. Mkuku ni ule uti wa mgongo wa chini, unaotoka mbele hadi nyuma. Juu yake husimamishwa mataruma, yaani mbavu, na juu ya mataruma hupigiliwa mbao. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Kwa nyuma mashua imekatwa bapa, tofauti na dau la Lamu lililochongoka pande zote mbili. Katikati husimama mlingoti, na mlingotini hupandishwa foromali, mti mrefu unaoshika tanga la pembe tatu. Chini kabisa, ndani, pale maji yanapokusanyika, ndipo ngamani. Maji yale huchotwa na kumwagwa nje kwa kata iitwayo upo, na kazi hiyo huitwa kufua maji. Baharia anaweza kutembea tezi na omo mchana kutwa, lakini asiporudi ngamani kufua maji, wote watarudi kwa kuogelea. Nadhani sasa methali imeeleweka vizuri kuliko vile tulivyokariri.

Na ile nyingine, "Dau la mnyonge haliendi joshi"? Kwenda joshi ni kukata upepo, kuelekea kule upepo unakotoka. Ni kazi ngumu, inataka tanga zima, kamba imara na watu wa kutosha wa kuegemea upande wa juu. Dau la maskini lina tanga lenye viraka, mabaharia wawili na mtoto, litakwendaje joshi? Mimi naiona methali hii kuwa habari ya ukarabati tu. Wahenga hawakusema dau la mnyonge halielei. Linaelea, ila haliwezi kupigana na upepo.

Jambo lingine la Kiswahili kabla sijasahau, maana hata wakubwa hulikosea. Mwenye mashua *hukodisha*. Abiria au nahodha anayeichukua *hukodi*. Ukisema "nimekodisha mashua twende Pate", umejifanya tajiri.

Kukodisha kwenyewe kuna namna nyingi. Kuna kuwabeba wageni kwa saa au kwa siku, waende kutazama magofu ya Takwa kwenye kisiwa cha Manda, wavue samaki, wale wali wa nazi, warudi na mbalamwezi. Hapo bei ni mapatano. Kuna kubeba mizigo: mchanga, mawe, boriti za mikoko. Na kuna kuvua. Katika uvuvi mara nyingi hakuna kodi maalumu, kuna mgao. Pato la siku likiuzwa, kwanza hutolewa gharama za barafu na chakula, halafu kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia, huku nahodha akiongezewa kidogo. Ukubwa wa mafungu hutegemea mahali na watu. Uzuri wa mgao ni kwamba siku bahari ikikosa samaki hakuna anayemdai mwenzake. Ubaya wake ni kwamba mwenye mashua asiyekuwapo ufuoni atajuaje ni samaki wangapi walioshuka?

Baba alikuwa Membley. Mkataba wake na nahodha wa kwanza, ambaye sitamtaja, ulikuwa wa maneno mawili matatu kwenye simu: nusu yako, nusu yangu, na pesa zije kila mwisho wa wiki. Nani ataitengeneza mashua? Nani atanunua mafuta ya kupaka? Nani atalipia kamba ikikatika? Hayo hayakusemwa. Nahodha alidhani ni kazi ya mwenye mali, na baba alidhani ni kazi ya mwenye kuitumia. Mimi leo simlaumu yeyote kati yao. Wote wawili walikuwa na hoja, na chombo kilikuwa katikati kikioza.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Pesa zilikuja kwa simu, baba akatununulia nyama kule Kamakis, akawa anasema neno "nahodha wangu" mbele ya majirani. Halafu ukaja mwezi wa Machi 2020 na ugonjwa wa korona. Ndege za wageni zikasimama, hoteli zikafungwa, kukawa na kafyu. Mashua ya wageni bila wageni ni mbao tu. Nahodha aliipandisha ufuoni wakati wa maji makubwa, akaifunga kwa kamba kwenye mti, akaenda kutafuta riziki kwingine. Tuliiona tena Desemba 2021, mama na mimi. Mjomba, ambaye miaka hiyo alikuwa kibaruani Mombasa, alikuwa amerudi, ndiye aliyetupeleka. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku macho yako kwenye mashua. Akaingia ndani, akainama, akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Niliona mwanga wa jua ukipita katikati ya mbao kama kwenye ukuta wa banda la kuku.

Mimi nilidhani chombo huharibiwa na maji. Mjomba akanieleza kwamba maadui wako zaidi ya mmoja, na wanapingana wao kwa wao, ndiyo maana kazi haiishi. Chombo kikikaa nje juani, mbao hukauka na kunywea, na pamba iliyosindiliwa kati yake hulegea na kutoka. Chombo kikikaa baharini bila kupakwa dawa, huingiwa na mdudu wa baharini anayetoboa mbao kama mchwa. Mdudu huyo huingilia kitundu kidogo usichoweza kukiona, akishaingia hunenepa ndani na kutembea, na ubao utauona mzima kwa nje hata siku unapoupiga nyundo na nyundo ikazama. Halafu kuna mvua. Hili lilinishangaza zaidi. Maji ya chumvi huhifadhi mbao, maji ya mvua huziozesha. Mashua yetu ilikuwa imejaa maji ya mvua ngamani misimu miwili bila mtu wa kuyafua.

Matengenezo hufuata mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huwa na bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana. Hilo hutokea kila baada ya siku kama 15. Chombo huletwa pwani maji yakiwa yamejaa, huegeshwa juu ya mchanga, na maji yakianza kupwa kinalala chenyewe ubavu mmoja. Kuanzia hapo una saa kadhaa tu kabla bahari haijarudi, kwa sababu kati ya maji kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika kama 25. Nimewahi kufanya mtihani wa hesabu nikidhani dakika zinakimbia. Wapi! Jaribu kukwangua tumbo la mashua huku unaona maji yanakuja miguuni.

Kwanza hukwanguliwa mwani na makombe yaliyoganda. Kisha chini huchomwa kwa moto wa makuti makavu. Ndiyo, wanachoma mashua! Mtu huushika moto na kuupitisha haraka chini ya mbao ili wadudu wafe na unyevu utoke, bila ubao wenyewe kushika moto. Hii kazi hawakunipa. Baada ya hapo fundi hupita na kidole na sikio, akigonga kila ubao. Palipolegea hutolewa pamba ya zamani, na pamba mpya iliyosokotwa na kulowekwa mafuta husindiliwa kwa patasi na nyundo ya mti. Huko ndiko kukalafati. Ni kazi ya sauti: tak, tak, tak, na fundi anajua kwa mlio kama pamba imeshika. Hata msumari huzungushiwa uzi wa pamba wenye mafuta kabla haujapigiliwa, kusudi maji yasifuate njia yake.

Mwisho ni kupaka. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ambao humchukiza yule mdudu. Juu ya mstari wa maji, nje na ndani, hupakwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake, wenzangu, siwezi kuieleza katika jarida la shule. Nilirudi Membley na shati langu, na mama akaliacha kwenye kamba wiki nzima, na bado majirani waliuliza kama tumefungua duka la samaki. Siku hizi wengi hutumia rangi za dukani badala ya deheni na sifa. Mjomba hutumia vyote viwili, rangi kwa macho ya wageni na sifa kwa ajili ya mashua.

Kwa mashua yetu hayo yote hayakutosha. Mbao nne upande wa kushoto na mataruma kadhaa zilikuwa zimekwisha. Ilipelekwa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa mafundi wa vyombo. Mataruma hutafutwa kwenye miti iliyopinda yenyewe, kama mlilana, mmoja katika jamii ya mikoko, kwa sababu mti uliopinda ukiwa hai una nguvu kuliko mti mnyoofu uliokatwa ukapewa pinda. Fundi huuchonga kwa tezo, akipima kwa jicho. Sikuona mchoro wowote wa karatasi. Chombo kilipokamilika hakikuwekwa baharini kikaondoka papo hapo. Kiliachwa kilowe siku kadhaa, kikivuja kama chujio, mpaka mbao zikavimba na kufungana zenyewe. Baba alipoambiwa kwa simu kwamba mashua iliyotengenezwa kwa pesa zake zote imejaa maji tena, alinyamaza muda mrefu hadi mjomba akadhani simu imekatika.

Muhula huo nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Nasema hivi bila aibu, kwa kuwa wengi wetu humu twaijua safari hiyo.

Nikiwa nyumbani niliwahi kusoma kuhusu watu wa Uingereza wanaomiliki mashua nyembamba za mifereji. Mifereji yao ilichimbwa hasa kuanzia karne ya 18, ili kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Ule wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761. Mashua hizo zina upana wa mita 2 na kitu tu, kwa sababu vile vyumba vya maji vyenye milango, vinavyopandisha na kushusha vyombo kwenye miteremko, ni vyembamba. Lakini urefu wake unaweza kufika mita 22. Zamani zilivutwa na farasi aliyetembea kando ya mfereji. Leo zina injini, na mwendo wake haupiti kilomita 6 na kidogo kwa saa. Mzee wa Membley akienda Ruiru kwa miguu anaweza kuziacha! Watu hukodi kwa wiki moja wakapumzike, na wengine huishi humo mwaka mzima. Mwenye mashua hulipia leseni kila mwaka, hukaguliwa usalama wa chombo kila baada ya miaka 4, na asiyekuwa na mahali pake maalumu pa kuegesha haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 kwa kawaida.

Lakini kilichonifurahisha ni kwamba hata wao, kila baada ya miaka 2 au 3, huitoa mashua majini, wakakwangua tumbo na kulipaka dawa nyeusi kama lami. Zao ni za chuma, adui yao ni kutu. Hubandika chini vipande vya magnesi ili kutu ile vipande hivyo kwanza na kuuacha ubavu wa chombo. Yule mdudu wa mbao hawana habari naye, kwani haishi katika maji matamu. Ndiyo sababu mashua za Naivasha na Ziwa Victoria nazo zimesalimika naye.

Lamu pia tuna njia yetu nyembamba. Inaitwa Mkanda, nayo hupita katikati ya mikoko, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ikielekea Pate, Faza na Kizingitini. Kwa miaka mingi ilipitika kwa urahisi maji yakijaa tu. Aliyechelewa alipwelewa, yaani maji yalimwacha juu ya tope, akangoja hadi bahari irudi. Upepo ukizuiwa na mikoko, tanga hushushwa na chombo husukumwa kwa upondo, mti mrefu unaochomekwa chini ya maji. Mjomba alinipa upondo dakika kumi. Niliusukuma vizuri, ila nikausahau kuuchomoa. Upondo ukabaki kwenye tope, nami nusura nibaki nao, mashua ikaenda zake.

Wako watakaouliza, kwa nini msinunue ya faiba yamalize? Ni swali zuri. Vyombo vya faiba vimeenea, na mdudu havili. Hata ya plastiki ipo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, chombo cha tanga chenye urefu wa mita 9 kilichotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na ndala kuukuu, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Lakini ubao ukivunjika pale kisiwani, fundi yupo, mti upo na tezo ipo.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Mwenye kubeba watu anatakiwa chombo chake kikaguliwe na kipewe leseni. Nchini mwetu Mamlaka ya bahari, KMA, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo, na kila abiria sharti awe na jaketi la kuokolea. Wageni wengine hulikataa kwa sababu ya picha. Mjomba huwaambia picha itapigwa wakishalivaa, na asiyetaka hushuka. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka feri ya Mtongwe iliyozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272 kwa kupakia kupita kiasi, hatua chache tu kutoka nchi kavu.

Sasa tuna mkataba mpya, na huu umeandikwa. Baba aliuza nusu ya mashua kwa mjomba, naye analipa kidogo kidogo kutoka fungu lake. Kila pato linapogawanywa, fungu la kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kushika shilingi, huwekwa kwa matengenezo. Msimu wa kusi, kati ya Mei na Agosti, bahari ikichafuka na wageni wakipungua, mashua haifanyi kazi na hakuna anayeuliza pesa ziko wapi. Baba hakupenda kipengele hicho. Alikitia saini huku mama amesimama nyuma yake.

Jikoni kwetu Membley, kando ya friji, kuna kalenda ambayo baba ameizungushia kalamu nyekundu siku zote za mwezi kuandama na mwezi mpevu. Siku hizo hapokei simu ya mtu mwingine mpaka mjomba atume picha ya tumbo la mashua. Juzi ilikuja moja, yenye ubao mmoja umewekewa alama ya chaki, na chini yake maneno: "Huu tuutazame." Baba akanionyesha. Likizo ya Agosti nitapanda basi kwenda kuutazama, na shati la kazi nimeshalitenga.